Mkulima wa kwenye karatasi

Mwishoni mwa 1767 gazeti la Pennsylvania Chronicle la mjini Philadelphia lilianza kuchapisha barua za mtu aliyejitambulisha kuwa ni mkulima wa kando ya mto Delaware, mwenye shamba dogo, watumishi wachache na nafasi ya kutosha ya kusoma vitabu. Barua zilikuwa 12 na hoja yake moja: Bunge la Uingereza halina haki ya kuwatoza watu wa makoloni ushuru wa karatasi, vioo, rangi na chai kwa nia tu ya kujipatia mapato. Karibu magazeti yote ya makoloni yalizichapisha upya. Mwandishi wake alikuwa John Dickinson, wakili aliyesomea sheria London. Hakudanganya moja kwa moja, kwani familia yake ilikuwa na mashamba makubwa Delaware, ila mkono wake ulizoea kalamu kuliko jembe. Mwaka 1774 kasisi wa Kianglikana, Samuel Seabury, naye alijiita mkulima wa Westchester ili kuwaonya wakulima wa New York wasiwafuate wanaompinga mfalme. Aliyemjibu ni kijana wa chuo, Alexander Hamilton, na kijitabu chake cha 1775 kilimtaja mkulima huyo huyo kwenye jalada. Katiba ya shirikisho ilipoletwa mbele ya wananchi mwaka 1787, baadhi ya barua zenye nguvu zaidi za kuikosoa zilitiwa saini ya mkulima mwingine, ambaye mpaka leo wanahistoria hawajakubaliana alikuwa nani. Wakili, kasisi, mwanasiasa: kila aliyetaka kuaminiwa alishika jembe kwanza, kwenye karatasi.

Haya hayakuwa madoido ya uandishi tu. Waamerika waliosoma wa karne ya 18 waliamini kwamba mtu anayekula kutoka shamba lake mwenyewe hana bwana. Hana mwajiri wa kumtisha, hana mfadhili wa kumnunua, na kura yake ni yake. Imani hiyo waliichota kwa waandishi wa Roma waliowasoma wakiwa shuleni, kwa Waingereza waliochoshwa na rushwa ya ikulu ya mfalme wao, na baadaye kwa wachumi wa Ufaransa waliofundisha kwamba ardhi peke yake ndiyo izaayo mali mpya. Thomas Jefferson aliipa sura yake maarufu katika kitabu chake kuhusu Virginia, alichokiandika 1781 na 1782 na kikatolewa London 1787. Humo wakulima aliwapa hadhi ya wateule wa Mungu, na viwanda akataka vibaki Ulaya, kwa maelezo kwamba anayemtegemea mwenye kiwanda kwa mkate wake ni rahisi kumtumia. Sheria nayo ilikwenda na imani hiyo. Virginia iliifungamanisha haki ya kupiga kura na umiliki wa ardhi hadi katiba yake ilipobadilishwa mwaka 1830. Kumtaja nani ni mkulima kulikuwa sawa na kumtaja nani ni raia.

Wengi wanaosoma siasa za enzi hizo huishia kwenye kurasa hizi za sifa, na nadhani hapo ndipo wanapopotea. Watu hawa hawa waliandika pia kuhusu samadi, plau, klova, jasi, mzunguko wa mazao na bei ya ng'ombe, tena waliandika sana. Mtu anapomsifu mkulima anaweza kumwacha aelee hewani, bila mikono wala madeni. Anapoeleza shamba linavyoendeshwa, itambidi aseme nani analima, nani anasimamia, nani analipwa nini, ardhi imepatikana vipi na ikichoka itafanywaje. Ndiyo maana nasema siasa halisi ya waasisi wa Marekani imo kwenye kurasa za samadi, na kurasa hizo zinatoa ushahidi dhidi ya zile za sifa.

Tazama hesabu moja ya mwaka 1792. Arthur Young, bingwa wa kilimo wa Uingereza na mhariri wa jarida la Annals of Agriculture, alikuwa akiandikiana na George Washington tangu 1786, na alitaka kujua kilimo cha Marekani kinalipa kiasi gani. Washington, sasa akiwa Rais, aliwaandikia watu wa majimbo kadhaa, akakusanya bei za ardhi, mifugo na mavuno, akamtumia. Young hakuridhika. Hesabu hazikumwingia akilini; hakuelewa mashamba yale yanaendeshwaje kwa mifugo michache na samadi kidogo namna ile. Washington akamwomba msaada Jefferson, wakati huo waziri wake wa mambo ya nje. Jefferson akakaa akapiga hesabu ya shamba la mfano la Virginia: ardhi, wanyama, chakula, zana, nguvukazi. Alipofika kwa watumwa hakuweka hasara ya vifo hata senti. Badala yake akaweka faida, asilimia 4 kwa mwaka, kwa sababu watumwa huzaliana kupita idadi ya wanaokufa. Mtu yule yule aliyemfanya mlimaji huru kuwa hazina ya maadili ya taifa, alipotakiwa kuonyesha faida ya shamba inatoka wapi, alihesabu watoto wachanga wa watumwa pamoja na ngano. Ukurasa ule hauna chuki wala aibu. Ni hesabu tu, imeandikwa kwa mwandiko safi ili Mwingereza aielewe, na kwa hiyo ni ushahidi mzito kuliko hotuba yoyote.

Mwaka uliofuata likaja suala la samadi. Jefferson alimweleza Washington kwamba Virginia kununua ekari moja ya ardhi mpya ni nafuu kuliko kuitia samadi ekari ya zamani. Kibiashara alisema kweli. Ulaya ardhi ilikuwa ghali na kibarua alipatikana kwa bei ndogo. Marekani mambo yalikuwa kinyume. Tumbaku iliumaliza udongo kwa misimu michache, shamba likalazwa miaka mingi, mwenyewe akasogea mbele na kufyeka msitu mwingine. Lakini sentensi kama hiyo ya mtu wa shamba ina siasa nzima ndani yake, kwa sababu ardhi mpya ilikuwa na watu. Mahindi na tumbaku vyenyewe vilitoka mikononi mwa wenyeji asilia wa bara lile, ambao wanawake wao walilima karne nyingi kabla ya meli ya Mzungu wa kwanza kutia nanga. Hata hivyo waandishi wa Marekani changa walipenda kuwaita wenyeji hao wawindaji, wakawahimiza washike plau. Jefferson akiwa Rais alimwandikia gavana William Henry Harrison mwaka 1803 kwamba itafaa wakuu wao wakiingia kwenye madeni ya maduka ya serikali, maana deni likizidi watakuwa tayari kulilipa kwa ardhi. Hapo nadharia ya uhuru wa mkulima ilitumika kichwa chini: aliyejua kwamba deni humvua mtu uhuru alilifanya deni kuwa mtego. Wacherokee walishika plau kweli. Walikuwa na mashamba, bustani za matunda na, ole wao, hata watumwa. Walijiandikia katiba 1827 na kuanzisha gazeti lao 1828. Kama jembe ndilo linalomfanya mtu raia, masharti waliyatimiza. Mwaka 1838 waliondolewa kwa mtutu wa bunduki.

Mwandishi aliyeunganisha shamba na siasa kuliko wote alikuwa John Taylor wa wilaya ya Caroline, seneta wa zamani na mwenye mashamba kando ya mto Rappahannock huko Virginia. Insha zake zilitoka kwanza gazetini, kisha mwaka 1813 zikakusanywa kuwa kitabu kiitwacho Arator. Ni kitabu cha ajabu kidogo. Aliyekinunua ili ajue namna ya kuotesha ua wa mierezi au kulisha nguruwe ilimlazimu kwanza avuke mashambulizi marefu dhidi ya mabenki, deni la taifa na ushuru wa kulinda viwanda, yaani mpango ambao Hamilton alikuwa ameupigania katika ripoti zake za 1790 na 1791. Kwa Taylor hizo hazikuwa mada mbili. Udongo wa Virginia umechoka, alidai, kwa sababu sheria zinahamisha mali kutoka kwa mkulima kwenda kwa mwenye hati za deni na mwenye kiwanda, na mkulima aliyenyonywa hivyo habaki na cha kurudisha ardhini. Dawa aliyopendekeza ilikuwa na vichwa viwili: punguzeni upendeleo wa serikali kwa wenye fedha, na rudisheni mabua, majani na samadi yote shambani huku mkizuia mifugo isikanyage mashamba yaliyolazwa.

Kisha Taylor anawafikia wanyapara, na hapa anaandika kama mtu anayejua anachokisema. Desturi ya Virginia ilikuwa kumwajiri nyapara kwa mkataba wa mwaka na kumlipa fungu la mavuno. Nyapara wa aina hiyo, hata awe mwema kiasi gani, hana sababu ya kusomba samadi ambayo matunda yake yataonekana baada ya miaka miwili au mitatu. Kinachomfaa ni kulikamua shamba mwaka huu, achukue fungu lake, ahamie kwa tajiri mwingine. Taylor alitaka desturi hiyo ikomeshwe. Uchambuzi wake ni mkali na wa kweli, na yeyote aliyewahi kukodisha shamba kwa msimu mmoja ataukubali. Lakini aliukata njiani. Kama mtu wa mkataba wa mwaka mmoja hana sababu ya kuutunza udongo, mtumwa asiye na fungu lolote, mwaka huu wala mwaka kesho, ana sababu gani? Hoja ya Taylor inaelekea huko yenyewe, hatua kwa hatua, naye anairudisha nyuma. Utumwa aliuita balaa kwa kilimo, halafu akasema hauondoleki, unaweza kupunguzwa makali tu. Jefferson alikuwa amekiri katika kitabu chake kwamba utumwa unaharibu tabia za mabwana. Taylor alilikataa hilo. Lawama kubwa akawatupia weusi walio huru, kwamba kuwapo kwao kunawafanya watumwa wasitulie. Ukisoma insha hizo kwa mfululizo unaona mahali hasa ambapo akili ya mkulima inasimama na maslahi ya mwenye watu yanaanza kuandika.

James Madison alikuwa mtulivu zaidi. Tarehe 12 Mei 1818, mwaka mmoja na kitu baada ya kuacha urais, alihutubia Chama cha Kilimo cha Albemarle, Virginia, ambacho yeye alikuwa mwenyekiti wake. Naiona kuwa hotuba bora kuliko zote za kilimo katika Marekani ya wakati ule. Alianza mbali, kwa kuuliza kama dunia nzima inaweza kujazwa binadamu na mazao yake, akaonya kwamba uwiano baina ya viumbe una mipaka yake. Kisha akashuka shambani na kutaja makosa ya wakulima wenzake: kulima ardhi iliyochoka isiyolipa gharama, kupitisha plau juujuu na kuilekeza mlimani juu na chini hadi mvua ibebe udongo, kupuuza samadi, kufuga ng'ombe wengi kuliko malisho, kutumia farasi pale ambapo maksai wangefaa zaidi, na kufyeka misitu bila hesabu. Bwana shamba wa leo hana cha kuongeza sana. Ila katika orodha hiyo ya makosa utumwa haumo, ilhali wengi waliomsikiliza walikuwa mabwana ambao wenyewe hawakubeba hata kikapu kimoja cha samadi. Kila ushauri wa Madison ulikuwa agizo la kupelekwa kwa mikono mingine.

Atatokea mtu wa kuniambia kwamba ninawahukumu watu wa karne ya 18 kwa mizani ya karne ya 21. Pingamizi hili ni la haki, na lingekuwa na nguvu kama hakuna mtu wa zama zao aliyewaambia. Aliyewaambia alikuwepo, tena mkulima. Benjamin Banneker alikuwa mtu mweusi huru, mlima tumbaku wa karibu na Baltimore, aliyejifunza mwenyewe elimu ya nyota hadi akatunga almanaka ya mwaka 1792. Almanaka ndiyo ilikuwa maktaba ya kilimo ya mtu wa kawaida: mapambazuko, mwezi, kupatwa kwa jua, makadirio ya hali ya hewa. Tarehe 19 Agosti 1791 alimtumia Jefferson nakala ya mkono pamoja na barua iliyomkumbusha maneno yake ya 1776 katika Azimio la Uhuru kuhusu usawa wa binadamu na kumuuliza inakuwaje mwandishi wa maneno hayo awashikilie watu utumwani. Jefferson, ambaye katika kitabu chake alikuwa ametilia shaka akili za watu weusi, alijibu kwa adabu siku 11 baadaye na kusema anaipeleka almanaka Paris kwa mwanachuoni Condorcet. Barua zote mbili zilichapishwa. Miezi 10 baada ya kuulizwa swali hilo, Jefferson aliandika ile hesabu ya asilimia 4. Washington naye hakuwa wa zama nyingine. Alikuwa ameiacha tumbaku tangu miaka ya 1760 akahamia ngano, na vitabu vyake vya hesabu vilimwonyesha kwamba Mount Vernon ina watu wengi kuliko kazi iliyopo. Kuwauza kulimchukiza. Alipofariki Desemba 1799 palikuwa na watumwa 317 shambani kwake, na wale 123 waliokuwa mali yake binafsi aliagiza katika wosia waachwe huru. Zama zilikuwa zile zile na jimbo ni lile lile. Uamuzi ndio uliotofautiana.

Wapo pia watakaosema huu wote ni unafiki tu, basi tufunge kitabu. Sikubaliani nao vilevile. Mnafiki mtupu asingependekeza, kama alivyofanya Jefferson katika rasimu yake ya katiba ya Virginia mwaka 1776, kwamba kila mtu mzima asiye na ardhi apewe hadi ekari 50 ili awe mpiga kura kamili. Pendekezo lilikataliwa, lakini linaonyesha kwamba fikra ilikuwa na uzito: kama uhuru wa mtu unatoka kwenye ardhi, basi gawa ardhi. Lililoikwamisha fikra hiyo ni kwamba waliokuwa na sauti kubwa zaidi ya kuitangaza ndio waliokuwa na cha kupoteza. Washington aliliomba Bunge Desemba 1796 liunde bodi ya taifa ya kilimo, halikuunda. Katika Virginia hiyo hiyo Edmund Ruffin, aliyekuwa mfuasi wa mbinu za Taylor hadi zikamshinda kwenye udongo wake, aligundua kwamba ardhi ile imekuwa chachu na inahitaji kutiwa udongo wa chokaa wenye makombe. Kitabu chake cha 1832 ni sayansi nzuri kwa wakati wake. Lengo lake la kisiasa lilikuwa kuirudishia Virginia rutuba ili mabwana wasihamie magharibi na watumwa wao, nguvu ya jimbo ikapungua. Ruffin akaishia kuwa mmoja wa wahubiri wakali wa kujitenga kwa Kusini. Majimbo ya Kusini yalipojitoa, wabunge wao wakaondoka, na ndani ya miezi michache ya 1862 Bunge lililobaki lilipitisha idara ya kilimo, sheria ya kuwagawia walowezi ekari 160 na sheria ya kutenga ardhi kwa ajili ya vyuo vya kilimo. Mambo ambayo mkulima wa kwenye karatasi aliahidiwa yalipita baada ya waliomsifu zaidi kutoka ukumbini, na hata hapo ardhi iliyogawiwa ilikuwa imeporwa kwa wenyeji.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: Marekani haikuwa Virginia. Sensa ya kwanza, ya 1790, ilihesabu watu takriban milioni 3.9, na kati yao takriban 700,000 walikuwa watumwa, wengi mno wakiwa Kusini. Massachusetts haikuorodhesha mtumwa hata mmoja. Huko New England kulikuwa kweli na maelfu ya familia zilizolima vishamba vyao kwa mikono yao, na sifa za Jefferson ziliwafaa wao kuliko zilivyomfaa yeye. Nakubali. Ila ukiwatafuta wakulima hao katika maandishi ya siasa ya wakati wao, hupati sauti yao kirahisi. Unapata sauti za mawakili wanaojifanya wao. Walipojisemea wenyewe hawakupendeza. Mwaka 1786 wakulima wa magharibi ya Massachusetts, wakiwa wamebanwa na kodi na madeni, walizifunga mahakama zilizokuwa zikiwanyang'anya mali, na jimbo likawatumia jeshi. Wengi wa waliomsifu mkulima huru waliogopa walipomwona barabarani.

Mmoja wao aliandika. William Manning wa Billerica, Massachusetts, mkulima mwenye elimu ndogo na tahajia ya kubahatisha, aliyekuwa ameandamana na wanamgambo kwenda Concord siku vita vya uhuru vilipoanza 1775, alitunga andiko la siasa mwishoni mwa miaka ya 1790. Hakuwaunga mkono waliobeba silaha mwaka 1786, ila malalamiko yao aliyaelewa. Hakuna wateule wa Mungu katika andiko lake. Anagawa jamii kati ya wengi wanaofanya kazi kwa mikono na wachache wanaoishi bila kazi hiyo. Anaeleza jinsi wachache wanavyojipanga kwa vyama, mahakama na magazeti. Na anapendekeza wenye kazi wa mashamba na karakana waunde chama chao cha taifa chenye chapisho la bei nafuu ili nao wajue serikali yao inafanya nini. Kwake uhuru hauji wenyewe kwa sababu mtu ana ekari zake. Unadaiwa kwa habari na kwa umoja. Alilipeleka kwa gazeti la Independent Chronicle la Boston, lililokuwa likiandamwa kwa kesi za uchochezi. Halikuchapishwa. Lilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1922, miaka miwili baada ya sensa iliyoonyesha, kwa mara ya kwanza pia, kwamba Wamarekani wanaoishi mijini wamekuwa wengi kuliko wa mashambani.